Khasti Alikuwa Chumba Gani

Baskhola, 9 Aprili 1995

Mwanangu Bhuwan,

Uishi sana, na wote mnaokula nao chungu kimoja huko Bombei waishi. Sisi hapa tu wazima, ila tumechoka. Nyati amezaa ndama jike, na maziwa yake ni mazito kuliko ya nyati yeyote hapa kijijini. Sisemi hivyo kwa kuwa ni nyati wangu, muulize mtu yeyote. Mkeo Khasti ameingia mwezi wa nane. Namkanda miguu kila jioni kwa mafuta ya haradali. Mama mkwe gani mwingine hapa anamkanda mkamwana wake? Nitajie mmoja.

Mvua hatujaiona tangu Februari. Chemchemi inadondosha, haitiririki. Napanga foleni na mtungi tangu alfajiri, na nikirudi shingo siijui kama ni yangu au ya kuazima. Ng'ambo ya mto msitu unawaka leo siku ya tano. Nguo ukizianika zinarudi zinanuka moshi, na koo linawasha.

Sasa shida yenyewe. Debki, mke wa binamu wa marehemu baba yako, unaujua mdomo wake. Juzi chemchemini, mbele ya wanawake wote, akaniambia, "Mama Bhuwan, mwanao anazima moto wa matajiri Bombei. Wa kwetu utazimwa na nani?" Nikamjibu, "Wako atauzima mwanao karani, ataupiga mhuri." Watu wakacheka hadi maji yakamwagika. Lakini lile swali nilirudi nalo nyumbani. Kushuka hadi barabarani ni mwendo wa saa mbili ndani ya misonobari mitupu, na Khasti hafiki tena hata shambani. Moto ukija kwetu, tutakimbilia wapi?

Niandikie, na uandike herufi kubwa, maana nitawasomea watu. Mimi si kama wao wanaoandikiwa barua na mwalimu. Darasa la tano nililimaliza nikiwa wa pili, na huyo wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu.

Mama yako,
Saruli

Tu wazima. Mtoto anapiga teke kila akimsikia nyati. Khasti.


Bombei, 24 Aprili 1995

Mama,

Nagusa miguu yako. Barua ilichukua siku kumi na mbili kunifikia. Mimi mzima. Wiki iliyopita tulizima ghala la pamba siku mbili mfululizo, nikalala kwa viatu. Nimeomba likizo, mkubwa amesema Julai, kabla ya hapo hamwachii mtu.

Swali lako nililipeleka kwa wazee wa kikosi pia, ili nisikujibu la kichwani mwangu peke yangu. Kama moto uko mbali na njia ni nyeupe, mshusheni Khasti kwa kiti asubuhi mapema, msingoje. Lakini mkishauona moshi chini yenu, msithubutu kushuka. Moto unapanda mlima kwa kasi ambayo hakuna miguu ya kuishinda, na watu wengi hufia njiani, si nyumbani. Nyumba yetu ni ya mawe na paa lake ni la mawe bapa. Ukiiandaa itawatunza.

Kuiandaa ni hivi. Lile lundo la nyasi kavu unalolijenga kwenye mti pale mlangoni, liondoe. Najua ndilo kubwa kuliko yote kijijini. Lipeleke shamba lililolimwa, mbali. Zoa majani ya msonobari uani, chini ya ngazi, juu ya paa, na yale unayomtandikia nyati zizini. Kuni zisiegemee ukuta. Nyufa za chini ya paa zizibe kwa udongo. Jaza maji kila chombo ulicho nacho.

Moto ukija, fungulieni mifugo. Vaeni pamba au sufu, si nailoni, mjifunike hadi mikono. Fungeni milango na madirisha lakini msitie kufuli. Wekeni magunia mabichi chini ya milango. Mkae chini sakafuni, mnywe maji, na msitoke. Moto wenyewe hupita kwa dakika kumi, labda robo saa, ingawa mtaona ni mwaka mzima. Ukishapita tokeni mara moja na maji na matawi mabichi, mzime cheche juu ya paa na kwenye mbao, maana nyumba nyingi huungua wenye nyumba wakidhani yameisha.

Na chumba. Mkae chumba kilicho mbali kabisa na upande wa moto. Kwetu sisi hicho ni jiko lako. Limeegemea mwamba, halina dirisha la bondeni. Nimesema jikoni, Mama, na nimemaanisha jikoni. Zizi la chini halifai, mlango wake unatazama bonde na mbao zake zina nafasi za kupitisha kidole.

Mwanao,
Bhuwan


Baskhola, 10 Mei 1995

Mwanangu,

Uishi sana. Ndama anakua. Mimi mgongo unaniuma lakini nani asiyeumwa mgongo mwaka huu.

Barua yako niliisoma uani kwangu, watu wote wamekaa, hata mwenyekiti wa msitu wa kijiji alivua kofia. Nilisoma bila kukwama. Ulipoandika "wazee wa kikosi" nilipasoma mara mbili. Siku ya pili yake kijiji kizima kilikuwa kinazoa majani. Lundo langu nimelihamisha, mizigo arobaini na moja, kichwani mwangu mwenyewe. Debki akapita akasema, "Mama Bhuwan, siku zote tulikuwa hatuioni nyumba yako kwa nyasi. Kumbe ni ndogo." Nikamwambia ahamishe la kwake kwanza ndipo aje kupima nyumba za watu. Akalihamisha. Hakusema ni kwa sababu ya barua, lakini alilihamisha.

Zizi nimelizoa hadi kwenye mawe. Nyufa nimeziba kwa udongo na samadi, mikono imechubuka. Nina mitungi kumi na mitatu imejaa, na kila siku inapungua tunakunywa, na kila siku naijaza tena. Nikiketi nasinzia nikiwa na mkate mkononi.

Tumbo la Khasti limeshuka. Mkunga anasema kabla mwezi haujaisha. Kumshusha kwa kiti tulijaribu. Wanaume walifika kwenye kona ya pili wakakuta njia imezibwa na miti iliyoungua, wakamrudisha. Basi ni hapahapa.

Habari ya jiko nimeisoma. Unajua jiko langu. Shangazi yako mwenyewe hakuwahi kuvuka kile kizingiti bila kuoga na kubadili nguo, na miungu ya nyumba imekaa pale tangu enzi za babu wa babu yako. Tutaona siku ikifika.

Mama yako,
Saruli

Mama amebeba nyasi zote peke yake, alikataa nisishike hata moja. Usiwe na wasiwasi. Khasti.


Bombei, 22 Mei 1995

Mama,

Nagusa miguu yako. Nimempa barua hii mwenzangu anayekuja mjini Haldwani kwa treni, aiposti huko, ikufikie mapema.

Juu ya jiko hukunijibu. Nimehesabu siku. Khasti akijifungua sasa, utamweka chumba cha chini, zizini, siku kumi na moja, kama desturi, maana mzazi hakaribii jiko wala miungu hadi mtoto apewe jina. Naijua desturi, na mimi nilizaliwa mle. Nakuomba kitu kimoja tu. Moto ukija ndani ya siku hizo, mpandishe yeye na mtoto jikoni. Jiko litaoshwa, kuhani atakuja, nitalipia kila kitu. Miungu imeona makubwa kuliko hayo.

Niandikie kwamba utafanya hivyo. Neno moja linatosha.

Bhuwan


Baskhola, 3 Juni 1995

Mwanangu Bhuwan,

Uishi sana, maana sasa u baba. Mtoto wa kike, tarehe 25 Mei, mweupe, nywele tele, mdomo ni wangu kabisa. Khasti alijifungua bila kupiga kelele, sijui kama wa mjini wanaweza.

Na moto ulikuja. Jumanne tarehe 30, mchana, upepo ukitoka bondeni. Hakuna aliyekufa. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Tuliuona moshi chini ya mashamba ya Debki, na kabla hatujamaliza kufungulia mifugo, misonobari ya chini ilikuwa inanguruma. Watu walikuja kwangu wenyewe, sikumwita mtu. Walisema, nyumba ya mama wa mzimamoto ndiyo imeandaliwa vizuri. Tulikuwa kumi na tisa chumba cha mbele cha juu. Niliwapanga mimi. Wenye nailoni niliwavua, nikawapa mablanketi. Magunia niliyalowesha mimi. Kuna mzee alitaka kutoka akamtafute ng'ombe wake, nikamwambia, "Keti chini, mwanangu amesema robo saa." Akaketi. Giza liliingia mchana, mawe ya paa yakawa yanalia juu yetu, watoto wakajikojolea. Nami nahesabu kwa sauti, sitini, sitini, sitini. Zilikuwa dakika kumi na mbili. Kisha tukatoka na matawi, kama ulivyosema, tukazima paa langu, la jirani, na ngazi. Zizi la Debki limeteketea, na mipichi yote. Mlango wetu wa chini nao. Nyumba kumi na moja, zote zimesimama.

Mwenyekiti amesema ataandika kwa wakubwa wa wilaya kuhusu barua yako. Nimemwambia aandike na jina langu, maana nani aliisoma.

Khasti na mtoto wapo. Mtoto anakohoa kidogo, sote tunakohoa. Nimechoka, mwanangu. Natembea huku nimelala.

Mama yako,
Saruli


Bombei, 16 Juni 1995

Mama,

Nagusa miguu yako. Nimeisoma barua yako mbele ya kikosi kizima. Mkubwa wetu alisema wangekuajiri. Nilicheka, kisha nikatoka nje kidogo peke yangu. Nina binti. Bado sijalizoea neno hilo.

Umeandika watu kumi na tisa chumba cha mbele. Khasti na mtoto walikuwa miongoni mwao, au walikuwa jikoni? Na mlango wa chini uliungua wakati gani?

Tena chini ya barua zako Khasti huongeza mstari mmoja. Safari hii hakuongeza. Nimegeuza karatasi nikatazama na nyuma.

Bhuwan


Baskhola, 28 Juni 1995

Mwanangu,

Uishi sana. Mvua imefika, shukrani. Mlima mweusi umeanza kupata kijani kwenye mabonde madogo, na chemchemi imepata sauti. Tunapanda ulezi.

Mtoto amepewa jina, Basanti. Kuhani alikula mikate sita kwa samli yangu akasema hajaona samli kama ile tangu aoe. Debki siku hizi ananiamkia yeye kwanza.

Unauliza maswali kama polisi. Watu walikuwa ndani ya nyumba, nyumba ilikuwa ya mawe, wametoka hai. Wewe mwenyewe uliandika nyumba itawatunza, ikawatunza.

Khasti amekwenda kwao kupumzika. Kaka zake walikuja kumchukua. Ni kawaida mzazi kupumzika kwao.

Ndama anakula majani sasa.

Mama yako,
Saruli


Bombei, 7 Julai 1995

Mama,

Nagusa miguu yako. Nitapanda treni tarehe 30. Khasti hajaniandikia chochote, kwa hiyo usidhani amekushtaki kwangu.

Hapa kikosini, kila moto ukiisha tunakaa chini tunaandika. Nani alikuwa chumba gani, saa ngapi, mlango upi ulifungwa, nani alifungua. Hatuandiki ili mtu afungwe. Tunaandika kwa sababu moto utarudi, na tusipojua ukweli wa ule wa kwanza, wa pili utatukuta palepale.

Nataka kuusikia kwako, kabla sijafika.

Bhuwan


Baskhola, 15 Julai 1995

Bhuwan,

Uishi sana. Leo sina habari za ndama.

Barua yako ya jiko, ile uliyompa mwenzako aiposti Haldwani, ilinifikia Jumatatu. Moto ulikuja Jumanne. Niliisoma nikaikunja nikaiweka nyuma ya picha ya baba yako, nikasema nitakujibu siku kumi na moja zikiisha.

Khasti alikuwa zizini. Ilikuwa siku ya sita. Watu walipoanza kupanda ngazi nilimwambia nikiwa mlangoni kwake, "Binti, funga vizuri, huku chini ni mawe matupu." Mitungi kumi na miwili niliweka juu. Yeye alikuwa na mmoja. Gunia lake alililowesha mwenyewe.

Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko ili watu wasiingie. Watu kumi na wanane wamebanana chumba cha mbele, watoto wanakohoa, na mimi nalinda jiko tupu. Hapo nikasikia kugonga chini ya sakafu. Alikuwa anagonga dari kwa mpini wa jembe. Mara tatu, kimya, mara tatu.

Debki akanitazama. "Huyo ni Khasti?"

"Yuko salama. Chini ni mawe."

"Na mlango wake ni mawe?"

Nikamwambia, "Bado siku tano."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Wote waliomo walinisikia, kwa hiyo hata nikikuficha utaambiwa chemchemini.

Debki hakubishana nami. Alichukua blanketi la sufu nililolilowesha mimi, akajitupia, akafungua mlango akashuka. Moto ulikuwa mashamba mawili chini yetu. Alirudi na mtoto ndani ya blanketi na Khasti akimshika kiuno. Mimi nilikuwa bado nimekaa pale kizingitini. Sikusogea, sijui kwa nini, miguu ilikataa au mimi nilikataa. Wakaniruka. Debki aliingia jikoni kwangu na viatu miguuni, akawalaza pembeni ya meko, chini ya miungu, akanigeukia akasema, "Sasa anza kuhesabu, wewe uliyesoma." Ndipo nikaanza kuhesabu. Nilikuwa sijafika dakika ya tatu, tukasikia mlango wa zizi unapasuka.

Cheche zilikuwa zikipita chini ya ule mlango kabla Debki hajashuka. Maji ya Khasti yaliisha. Alizikanyaga kwa miguu mitupu, mtoto kamfunga kifuani ndani ya nguo. Nyayo zake zote mbili ziliungua. Kaka zake walimbeba kwa kiti kwa sababu hawezi kutembea, si kwa sababu ya mapumziko. Kuhani alipokuja kutia jina, yeye hakuwepo uani, alikuwa amelala ndani, nyayo zimefungwa. Nilimpakata mtoto mimi, kisha kaka zake wakaja kumchukua yeye pamoja na mtoto. Hilo nalo sikukuandikia.

Juzi nilikwenda kwao. Ni kupanda na kushuka, nilipumzika mara saba. Nilibeba samli. Mama yake aliipokea, akanipa chai, hakuniuliza habari za njia. Khasti alikuwa amekaa barazani, miguu imefungwa vitambaa na majani. Alinionyesha mtoto lakini hakunipa nimshike. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno. Kwamba moshi ulikuwa mwingi, watoto walilia, mawe ya paa yalikuwa na kelele, mtu asingeweza kusikia kitu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, unajua naweza kupanga maneno.

Akaniuliza swali moja tu. "Mama, ulinisikia nikigonga?"

Nikasema nilisikia.

Hakulia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyehakikishiwa, akamgeuza mtoto bega la pili. Nilikaa hadi chai ikapoa, kisha nikarudi.

Zizi halikuwa na mlango, na msimu huu chui anashuka. Seremala anasema hadi Septemba. Basi nimeung'oa mlango wa jiko nikaufunga chini, maana ndio pekee unaoenea. Debki alikuja akakuta jiko liko wazi. Akasimama palepale, safari hii akavua viatu, akasema, "Nipishe, nataka kuona kama samli yako ni nzuri kweli au unaringa tu." Nikampisha.

Mtoto bado anakohoa, hasa akinyonya. Mganga wa zahanati ya kwao amesema mapafu ni mazima, apewe muda. Mwulize mwenyewe, usinitegemee mimi kwa hilo.

Ukishuka kwenye basi usije huku. Shika njia ya kwao moja kwa moja. Akisema atabaki kwao hadi majira ya baridi, mkubalie. Akisema harudi kabisa, msikilize hadi amalize. Mama yake atasema maneno juu yangu, na kaka zake pia. Unanijua nilivyo, maisha yangu yote nimetaka mtu wa kunisemea.

Usinitetee.

Saruli